Kitanda cha Chini, Ghorofa ya Pili

Jioni moja ya Septemba mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja kwangu na simu mkononi na uso wa mtu anayesubiri kuulizwa. Alikuwa amechaguliwa chuo, mkopo ulikuwa bado haujatoka, na mbele yake palikuwa na fomu ya kuomba malazi. Nafasi tatu za kujaza: bweni unalolitaka kwanza, la pili, la tatu. Chini yake, chumba cha watu wangapi na ghorofa ya ngapi. Chini kabisa, kama una mwenzako unayependa kukaa naye, andika namba yake.

"Mjomba, hapa niandike nini?"

Mama yake akajibu kutoka jikoni kabla sijafungua mdomo: "Andika popote penye mlango unaofungika."

Tulikaa barazani karibu saa nzima tukiijaza, na baadaye nikaona kwamba muda mwingi tuliupotezea kwenye mambo ambayo wala hayatamgusa: jengo jipya au la zamani, upande wa barabara au wa miti, rangi ya kuta alizoziona kwenye picha. Yale yatakayomgusa kila siku fomu haikuyauliza. Maji yanafika ghorofa ya ngapi? Kutoka kitandani hadi kipindi cha saa moja asubuhi ni mwendo wa dakika ngapi? Mtu wa kitanda cha pili analala saa ngapi? Na hakuna mahali palipoelezwa ofisi itazisoma zile nafasi tatu kwa utaratibu gani, ilhali hilo ndilo linaloamua uandike nini kwenye nafasi ya kwanza.

Tusidanganyane kuhusu hilo neno kuchagua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Kwa vijana wa enzi zile kitanda kilikuja pamoja na nafasi ya masomo, kama sahani inavyokuja na chakula. Leo wanaodahiliwa ni maelfu kila mwaka, na vitanda havijawahi kuwafikia. Ndiyo maana kukawa na hosteli za Mabibo, nje ya Mlimani kabisa, na ndiyo maana Juni 2016 Rais Magufuli, alipokwenda kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, aliahidi shilingi bilioni 10 za mabweni. Wakala wa Majengo ukajenga, na Aprili 2017 yakafunguliwa majengo 20 ya wanafunzi 3,840, yaani 192 kila jengo. Bei ile ilizua mjadala, kwa sababu wengi hawakuamini kwamba inaweza kutosha. Desemba mwaka huohuo picha za nyufa zikasambaa mitandaoni, na Wakala ukaeleza kuwa ni maungio yaliyoachwa makusudi ili jengo lipate kutanuka. Wakati wakubwa wakibishana juu ya ufa, wanafunzi waligombania vitanda vya humo. Vilikuwa ndani ya eneo la chuo, na hilo kwa mwanafunzi lilitosha.

Dodoma hali ni nyingine kidogo. Chuo kilichoanzishwa 2007 kwenye pori kubwa kililazimika kujenga mabweni sambamba na madarasa, kwa kuwa hapakuwa na mtaa wa jirani wa kuwapokea wanafunzi. Kule ndaki zimetawanyika vilimani, na bweni lako hufuata ndaki yako. Swali linalobaki ni chumba gani na nani.

Penye uhaba, basi, fomu ni ombi, na anayekosa kitanda cha chuo hurudi kwenye chaguo ambalo fomu haikuliandika: geto. Ukizunguka Msewe, Changanyikeni, Makongo, Survey na Sinza utakuta vyumba vilivyojengwa kwa kumlenga mwanafunzi, kimoja kimoja, choo cha pamoja, luku ya kuchangia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Mwanafunzi mwenye mkopo anategemea bumu, ile fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo sasa inaihesabu kwa shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali. Fedha hiyo ni ileile ukilala ndani ya chuo kwa ada ndogo ya kitanda au ukilala Kimara kwa kodi ya kibiashara. Tatizo ni kwamba bumu hutoka kwa awamu, na mara nyingi hutoka baada ya mwenye nyumba kuwa amekwisha kudai chake.

Hapa ndipo hesabu nyingi za wazazi huharibika. Mzazi hulinganisha kodi ya Sinza na kodi ya Mbezi, anaona Mbezi ni nafuu, anashukuru Mungu. Haweki nauli ya siku tano kwa wiki, haweki saa mbili za foleni kwenda na kurudi, haweki chakula cha mchana kitakachonunuliwa kwa sababu nyumbani ni mbali. Wala haweki ile jioni ambayo kundi la diskasheni la binti yake linaanza saa mbili usiku na binti anapaswa kuondoka saa moja na nusu ili apate daladala lenye watu. Kwa wasichana umbali ni suala la usalama kwanza, pesa baadaye, na nakubaliana na vyuo vinavyowatanguliza wao na wenye ulemavu kwenye mgao. Nimewahi kusikia kaka wa mwaka wa pili akilalamika kwamba huo ni upendeleo. Ni upendeleo kweli, na sioni ubaya wake.

Nairobi wamekwenda mbali zaidi: kitanda cha mwanafunzi kimegeuka kitega uchumi. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn, yenye hosteli za Qwetu, ilikusanya shilingi za Kenya bilioni 4.3 kwa hatifungani ya kijani ya kwanza nchini humo, na hatifungani hiyo ikaorodheshwa Nairobi na London. Maana yake ni kwamba mtu wa Uingereza aliweza kupata riba kwa sababu mwanafunzi fulani wa Nairobi alilipa kitanda chake mwezi huo. Kwa mwenye uwezo chaguo limepanuka sana: chumba cha peke yako, intaneti, mlinzi getini. Kwa asiye na uwezo pametokea kitu kigeni kidogo. Zamani mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima waligawiwa chumba kimoja kwa bahati nasibu ya ofisi. Sasa bei huwatenga kabla ofisi haijawaona.

Makerere, Uganda, kwa upande wake, bweni ni kabila. Kila mwanafunzi wa pale, hata anayelala nyumbani kwao Wandegeya, husajiliwa chini ya bweni fulani. Lumumba, Mitchell, Livingstone, Nkrumah, Mary Stuart: ukimuuliza mzee aliyesoma pale zamani atakutajia bweni lake kabla ya shahada yake. Bweni la Nsibirwa limepewa jina la Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda aliyeuawa Septemba 1945 katika mzozo wa ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya chuo hichohicho. Wavulana wa Lumumba na wasichana wa Mary Stuart wana undugu wao unaoitwa Lumbox, wenye sherehe zake na utani wake. Ukiwekwa bweni la Makerere umekabidhiwa marafiki, maadui na nyimbo. Dar es Salaam hatuna kitu cha namna hiyo; mabweni yetu ya Mlimani mengi yana namba tu, na sijawahi kumwona mtu akililia namba.

Sasa tuingie chumbani.

Nilipoanza chuo, chuo ambacho sitakitaja, niliomba ghorofa ya nne na nikapewa. Nilitaka upepo, na nilikuwa nimesoma mahali kwamba wasomaji wazuri hukaa juu, mbali na kelele. Upepo niliupata. Maji hayakupanda hata siku moja katika muhula wa kwanza. Pampu ilikuwepo, mtu wa pampu alikuwepo, mkutano kuhusu pampu ulifanyika mara mbili. Dumu la lita 20 lina kilo 20, na kutoka bombani hadi mlangoni kwangu palikuwa na ngazi 72, nilizihesabu kwa sababu kila baada ya ngazi 18 nililitua. Madumu mawili kwa siku, moja la kuoga na kufua, moja la choo, kwa sababu choo kisicho na maji cha watu kumi na wawili hakisubiri mkutano wa tatu. Kufikia Novemba nilikuwa nakwenda kipindini nimechoka kama niliyetoka shamba. Wenzangu wa ghorofa ya pili walinionea huruma kwa ule uchangamfu wa mtu ambaye maji yanamtiririkia.

Ya chini nayo ina yake. Dirisha la chini likiwa wazi usiku, kuna watu wenye mti mrefu uliofungwa ndoano mbele. Suruali hutoka polepole kupitia nondo kama samaki, na laptopu iliyoachwa juu ya meza karibu na dirisha hiyo ni zawadi. Chini pia ndiko watu wote hupita, ndiko pikipiki huwashwa alfajiri, ndiko mbu huanzia kazi. Kwa majengo ya kwetu, yenye shinikizo la maji tulilonalo na wezi tulionao, ghorofa ya pili ndiyo jibu langu, na mpaka leo sijapata mtu wa kunibishia kwa hoja.

Kitanda je? Vitanda vya vyumba vya kuchangia ni deka, cha chini na cha juu, na hapa watu wamegawanyika vibaya. Wanaopenda cha chini husema ni rahisi kuamka usiku na kwamba ukianguka huanguki mbali. Hawasemi kwamba kitanda cha chini ni benchi la umma. Kila mgeni anayeingia ataketi juu yake, na jinzi aliyokalia nayo daladala, na sahani ya chipsi mkononi. Cha juu kina joto karibu na dari, lakini ni chako peke yako, taa inakufikia, na chandarua unakifunga darini bila kuomba ruhusa ya mtu. Kunguni hawabagui. Ukisikia mtu anasema cha juu hakina kunguni, ujue amelala siku moja tu. Kabla hujatandika godoro, washa tochi ya simu uangalie kwenye maungio ya chuma na kwenye nyufa za mbao. Ukiona vidoa vyeusi vidogo kama vya kalamu, toa taarifa siku hiyohiyo kabla hujafungua begi.

Kitu kimoja ambacho fomu haiwezi kukupa ni kitanda chenyewe. Ofisi hugawa chumba. Kitanda huchukuliwa na anayetangulia. Anayefika siku ya kwanza asubuhi na tranka lake anakalia dirisha, na anayefika Jumatatu jioni na dada yake na shangazi yake na godoro lililofungwa kamba juu ya bajaji anakuta kimebaki cha karibu na mlango. Tarehe ya tiketi ya basi kutoka Sumbawanga ni sehemu ya fomu, ingawa hakuna aliyeiandika hivyo.

Turudi kwenye zile nafasi tatu, maana hapa kuna elimu ambayo ingefaa ibandikwe ukutani. Ofisi inaweza kuisoma orodha yako kwa njia tofauti, na kila njia inataka mwandishi wa aina yake.

Njia ya kwanza ni ya zamu. Majina yanapangwa kwa bahati nasibu au kwa vigezo, kisha kila mtu akifikiwa anapewa lile la juu kabisa kwenye orodha yake ambalo bado lina nafasi. Kwa utaratibu huu ujanja haukusaidii kitu. Andika unachokitaka kwa mpangilio unaoutaka, kwa sababu zamu yako haibadiliki kwa ulichoandika.

Njia ya pili inafanana nayo kwa sura, na ndiyo inayowaumiza watu. Ofisi inachukua chaguo la kwanza la kila mtu na kuligawa mpaka liishe, halafu ndiyo inageukia chaguo la pili kwa vilivyobaki. Hapo ukiandika bweni linalotamaniwa na wote ukalikosa, utakuta bweni lako la pili nalo limekwisha kujazwa na waliolitaja kwanza. Mkweli anaadhibiwa, mwenye habari za ndani anapata. Jiji la Boston, Marekani, liligawa watoto shule za serikali kwa utaratibu wa namna hii hadi 2005, likauacha baada ya wachumi kuonyesha kwamba wazazi wajanja walikuwa wakiwazidi wasiojua mchezo. Chuo kikikwambia kwamba kinatanguliza chaguo la kwanza, kwenye nafasi ya kwanza weka bweni zuri unaloweza kulipata. La ndoto liache.

Njia ya tatu ni ya kubofya, iliyozoeleka Kenya na inayozidi kuingia kwetu: mfumo unafunguliwa saa fulani, na vyumba vinakwisha watu wakingali wanasubiri ukurasa ufunguke. Inaonekana ya haki kwa sababu haina mtu wa kuhonga. Lakini inampima mwombaji kwa nguvu ya mnara wa simu wa kijijini kwao, na sioni kwa nini mtoto wa Namtumbo alale mbali zaidi ya mtoto wa Mikocheni kwa sababu ya mnara.

Halafu kuna wale waliokwishakaa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye chumba kizuri angependa kubadili, ila anaogopa: akikirudisha kwenye kapu aingie bahati nasibu, anaweza kuambulia kibaya kuliko alichonacho. Kwa hiyo anang'ang'ania, na chumba ambacho mwingine angekifurahia zaidi kinaganda. Mwaka 1999 wachumi wawili wa Kituruki, Atila Abdulkadiroğlu na Tayfun Sönmez, walilifanyia kazi tatizo hilihili la mabweni ya vyuo na kupendekeza kanuni ambayo kwa Kiswahili inakaa vizuri kabisa: ukitaka chumba changu, mimi nachukua zamu yako. Mtu akiomba chumba chenye mwenyewe, yule mwenyewe anapandishwa mbele ya foleni ili achague kwanza, na akikosa kizuri zaidi anabaki na chake. Hakuna anayepoteza kwa kujaribu. Utaratibu huo hauhitaji mashine ya ajabu. Mtu mmoja mwenye daftari na uaminifu angeweza kuuendesha. Daftari tunazo.

Tumebakiwa na ile nafasi ya chini kabisa, ya mwenzako wa chumba. Kwangu hii ndiyo nafasi nzito kuliko zote tatu za juu yake.

Wengi wetu hatuingii chuo tukiwa wageni wa kuchangia chumba. Kidato cha tano na sita kwa kawaida ni bweni. Lakini bweni la shule lina kengele, lina patroni au matroni, lina saa ya kuzima taa isiyojadiliwa. Chuo kinakuondolea vyote hivyo kwa mpigo na kukuachia watu watatu usiowajua na swichi moja ya taa. Anayeamka saa kumi usiku kwa daku, anayerudi saa nane kutoka kwenye mkesha, anayeongea na mchumba wake wa Mbeya mpaka vifurushi viishe, wote wana haki, na chumba ni kimoja. Ugomvi mwingi wa rumeti niliousikia maishani haukuanzia kwenye dini wala kabila wala siasa. Ulianzia kwenye taa, sufuria na vyombo visivyooshwa.

Je, umwandike rafiki yako wa kidato cha sita? Mpwa wangu alikuwa na jina tayari, shoga yake wa miaka miwili. Nikamwambia asubiri.

Kuna sababu hata za kihesabu. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley waliandika makala fupi iliyokuja kuwa maarufu, wakaonyesha kwamba ukiwa na wanaume na wanawake waliopanga wanaowapenda, daima unaweza kuwaoza kiasi kwamba hakuna wawili watakaotaka kutoroka pamoja. Kisha wakaonyesha kwamba kwa wenzi wa chumba ahadi hiyo haipo. Chukua Asha, Bahati, Chausiku na Devota, vyumba viwili vya wawili wawili. Asha anampenda zaidi Bahati, kisha Chausiku. Bahati anampenda Chausiku, kisha Asha. Chausiku anampenda Asha, kisha Bahati. Devota kwa wote ni wa mwisho. Panga utakavyopanga: yule aliyeangukiwa na Devota atamkuta mmoja wa wale wengine yuko tayari kuhama naye. Ukiwaweka Asha na Bahati pamoja, Bahati na Chausiku watatoroka. Ukiwaweka Bahati na Chausiku, Chausiku atamfuata Asha. Na duara haliishi. Kila mlezi wa bweni anayeletewa maombi ya kubadilishana vyumba wiki ya tatu ya muhula amekutana na duara hili bila kujua jina lake. Shapley alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2012. Devota hakupata chochote, na ndiye ninayemfikiria kila nikisoma fomu inayoruhusu watu kuchaguana.

Halafu kuna swali la nini rumeti anakufanyia. Vyuo vinavyogawa vyumba kwa bahati nasibu vimewapa watafiti maabara ya bure. Bruce Sacerdote alichapisha mwaka 2001 matokeo ya Dartmouth: mwenzako wa chumba anaathiri alama zako na vyama unavyojiunga navyo, lakini haonekani kugusa fani unayoichagua. Michael Kremer, yuleyule wa utafiti wa dawa za minyoo kule Busia aliyekuja kupata Nobeli 2019, pamoja na Dan Levy waliona kwamba wavulana waliopangiwa rumeti aliyekuwa akinywa pombe kabla ya chuo walishuka alama ya wastani kwa karibu robo ya pointi. Na katika chuo kidogo cha Berea, Kentucky, Todd na Ralph Stinebrickner waligundua kwamba mwanafunzi ambaye rumeti wake alikuja na mashine ya michezo ya video alisoma muda mfupi zaidi kila siku, na alama zake zikashuka. Mashine si yake, ila inalia chumbani mwake. Kwetu, ambako alama kidogo zinatenganisha aliyefaulu na aliyesapu, anayerudia mtihani, na aliyesapu na aliyedisko, anayeondolewa chuo, matokeo hayo si ya kupuuza.

Lakini utafiti ninaoupenda zaidi ni wa karibu na nyumbani. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Lucia Corno, Eliana La Ferrara na Justine Burns walifuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopangiwa vyumba bila kuchaguana. Wazungu waliolala chumba kimoja na mwenzao wa rangi nyingine walipunguza dhana mbaya walizokuwa nazo juu ya weusi, na wanafunzi weusi walioishi chumba cha mchanganyiko wakapata alama bora. Chuo cha Duke, Marekani, kilitangaza mwaka 2018 kwamba wanafunzi wapya hawataruhusiwa tena kujichagulia mwenzi wa chumba, kwa sababu waliokuwa wakichaguana kupitia mitandao walikuwa wakichagua watu wanaofanana nao.

Mtanzania wa umri fulani akisoma hayo atacheka kidogo. Sisi tulipelekwa mbali na kwetu kwa makusudi: mtoto wa Bukoba Songea, wa Mtwara Tabora, kisha wote pamoja JKT. Mchanganyiko ule haukuitwa utafiti, na kuna ndoa nyingi za Mhaya na Mngoni ambazo chanzo chake ni orodha iliyochapwa na karani fulani wa wizara. Ndiyo maana kwa mwaka wa kwanza nasimama upande wa bahati nasibu. Mwache rafiki yako apate chumba chake, mtakutana kantini. Sharti langu ni moja, nalo ni dogo: kabla ya kuchanganya majina, ofisi iulize mtu analala saa ngapi na anaamka saa ngapi, na iwaweke ndege wa usiku pamoja. Dini, mkoa na kabila isiulize.

Mpango huu wote, hata hivyo, una tundu moja kubwa, nalo lina jina: kubebana. Aliyekosa kitanda anabebwa na aliyepata. Usiku wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, kama ile sura ya karata iliyochorwa juu na chini. Nairobi anayebebwa huitwa paireti. Kila chuo kinakataza, na walinzi hupita vyumbani, na habari za ukaguzi huwafikia walalaji kabla ya walinzi wenyewe. Unawagawa watu kwa bahati nasibu mchana, na usiku wanajigawa upya, kwa urafiki, kwa kijiji, kwa huruma. Chumba cha wanne kinakuwa na saba, na ile hesabu ya vyoo na matanki iliyofanywa na mhandisi inakufa kimyakimya. Aliyebeba ameamua kutoa kilicho chake. Wale wengine watatu hakuna aliyewauliza, na ndoo zao ndizo zinazokauka mapema. Mimi nilibeba mtu muhula mzima, na sijutii. Lakini nilikuja kujua miaka baadaye kwamba mmoja wa wenzangu wa chumba alikuwa akienda kusomea kwenye ngazi kwa sababu meza haikuwa na nafasi tena, na hakuwahi kuniambia.

Mpwa wangu aliandika ghorofa ya pili pale fomu ilipouliza, akaacha wazi nafasi ya rafiki, na kwenye chaguo la kwanza akaweka bweni ambalo halisifiwi na mtu yeyote kwenye picha ila liko hatua chache na maktaba. Alipata chaguo la pili. Alifika siku ya tatu, kwa sababu mama yake alisisitiza wapite kwanza Kariakoo kununua godoro, akakuta cha juu karibu na mlango.

Katikati ya Novemba akanipigia. Maji yapo, choo kinapitika, mmoja wa rumeti anakoroma ila ni mtu mzuri. Kuna binti wa darasa lao kutoka Kibondo, mkopo wake umekwama, alikuwa akilala kwa shangazi Gongo la Mboto na kufika darasani saa tatu.

"Yuko hapa tangu juzi, mjomba. Usimwambie mama."

Nikamuuliza kama wenzake wa chumba wameulizwa. Akanyamaza kidogo, akasema wawili ndiyo, wa tatu atamwambia leo. Nikamuuliza upande wa ukutani analala nani.

"Yeye," akasema. "Anaogopa kudondoka."